Msusi Aliyesamehewa

Eti wivu. Haya, tuseme ni wivu, sasa mbona huo wivu ulikaa kimya miaka yote ile? Dada yako akuchukue mama yenu akiwa ameshafariki, akuvalishe, akusuke, akusomeshe mpaka ujue kuongea kama watu wa runinga, halafu siku unapokwenda kuonekana kwenye hiyo runinga ndo wivu wake uamke? Ulikuwa umelala wapi, uvunguni? Lakini nenda kawaambie watu wa saluni maneno hayo uone. Watakuangalia kama umevaa shati mgongo mbele. Wao walishakata shauri, na wale wakikata shauri, hata ukileta malaika atoe ushahidi watasema malaika ni ndugu yake.

Huyo dada mwenyewe walimwita Mashine. Jina la wateja hilo, walimpa kwa sababu ya vidole. Ukikaa kwenye kiti chake na kichwa kichafu asubuhi, kabla njaa haijakuuma umeshasukwa, umeshaoneshwa kisogo chako kwenye kioo cha mkononi, umeshaambiwa inuka mwenzio akae. Na misuko yake ilikuwa imenyooka. Mistari kichwani kama imepigwa rula.

Saluni yenyewe ni chumba kirefu chembamba. Vioo upande mmoja, viti upande wa pili, sinki la kuoshea vichwa kule mwisho, na runinga juu ukutani ambayo haizimwi. Mwenye saluni wanamwita Madamu, mwanamke wa manukato mengi na maneno machache. Msusi mwenzake Mashine anaitwa Kipara, kwa sababu anasuka watu kutwa nzima na yeye mwenyewe kanyoa. Halafu kuna mke wa fundi bomba. Huyo ni mteja, ila anakuja hata akiwa hana nywele za kusuka. Anakuja kukaa. Anavua viatu, anakunja miguu kwenye kiti cha wateja, anaagiza chai kwa jirani, anaanza.

Na kinachofanyika mle ndani, ukiondoa nywele, ni kueleza watu. Fulani kahama, kwa nini kahama. Fulani kanenepa, kwa nini kanenepa. Hakuna mtu wa mtaa ule ambaye sababu zake hazijulikani mle. Na bingwa wao, usidanganyike, alikuwa Mashine mwenyewe.

"Yule mama wa duka la nguo siku hizi hasalimii," mtu angesema.

"Atasalimia saa ngapi na kajenga?" Mashine angejibu, macho yako kwenye runinga, vidole vinakimbia. "Mtu akishapandisha ukuta na shingo inapanda. Leo anapita hapa kafunga mdomo kama kopo la maziwa."

Wote wanacheka mpaka draya ya kukaushia nywele inazimwa ili wacheke vizuri. Baadaye ikaja kujulikana kwamba mama wa duka aling'olewa meno ya mbele, akawa anaona haya kufungua mdomo barabarani. Wakacheka na hilo. Hakuna aliyesema basi tulimsingizia. Wakahamia kwa mwingine.

Sasa ganzi. Ilianza na dole gumba la kulia. Anasuka, ghafla lile dole linakuwa kama la mtu mwingine, anaona linatembea ila halisikii. Anakung'uta mkono kama anayekausha maji, linarudi. Baadaye likaanza na la pili, na la tatu, halafu mkono wa kushoto ukaiga. Ikafika mahali anakung'uta na hakirudi kitu. Akajiambia ni uchovu. Akanunua dawa ya kuchua, akachua, mikono ikanuka tu.

Mtu asiyesuka hawezi kuelewa uzito wa hilo. Msusi hapimi kwa macho. Macho yako kwenye runinga, mdomo uko kwenye habari za watu, vidole ndo vinavyojua. Ukivuta nywele, kuna mahali inakuambia basi, hapa nimeshika, ukizidisha unaumiza. Inakuambia kwenye ncha ya kidole. Ncha ikifa, huambiwi kitu. Sasa Mashine, kwa kuwa hakuwa anasikia kama ameshika, alikuwa anavuta. Halafu anavuta tena, ahakikishe. Misuko ilitoka imenyooka vilevile. Kwa kuangalia usingejua.

Wateja walijua. Ila mteja wa kusuka naye ni mtu wa ajabu. Akiulizwa "inavuta?" anasema "hapana," machozi yanamtoka. Wameambiwa tangu utotoni kwamba msuko unaouma ndo unaokaa, na anayelalamika kwenye kiti ni mtu wa kudeka. Basi walivumilia pale, wakalipa, wakafika nje wakashika vichwa.

"Mashine siku hizi anasuka na hasira," mmoja akasema.

"Kaachwa," akasema mke wa fundi bomba.

"Kaachwa na nani? Si hana mtu!"

"Ndo maana."

Halafu kukawa na ile siku ya maji ya moto. Ukimaliza kusuka nywele bandia unachovya ncha kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke. Unashika kwa juu, unachovya chini, unatoa haraka. Mashine alichovya na vidole. Akaviacha mle, anaongea, anachekesha watu, mvuke unapanda. Kipara akaona. Akafungua mdomo aseme, akaufunga. Mashine alipotoa mkono, ngozi ilikuwa nyekundu kama nyama ya buchani, na yeye anaendelea na stori yake. Kipara alifikiria jambo moja tu: huyu ana dawa. Mtu wa kawaida haweki mkono kwenye maji yale. Akaamua kuanzia siku ile asiazime chanuo la Mashine.

Na kwa nini Mashine hakusema? Swali zuri, ingawa limechelewa. Msusi kusema mikono yake imekufa ni sawa na dereva kusema haoni. Siku hiyohiyo Madamu angempa mtu mwingine kile kiti. Hangemfokea, angesema tu "pumzika kidogo, mama," kwa sauti ile ya manukato, na ukipumzishwa pale hurudi. Basi akafunga mdomo na kuvuta.

Ndo mdogo wake, yule aliyemlea, akapata kazi ya kusoma habari kwenye runinga. Si runinga kubwa, ila ile inayoonekana mji mzima, ambayo pale saluni iko wazi kutwa. Alikuja jioni ya kuamkia siku ya kwanza, wateja wameisha, amebaki Kipara anafagia.

"Dada, nisuke ile ya kurudisha nyuma. Waniambie niko nadhifu."

"Kaa. Na usitingishike, sisuki kuku."

Akaanza. Yule binti alikuwa kakaa wima, mikono mapajani, anarudia rudia maneno ya habari kwa sauti ya chini. Baada ya muda akanyamaza. Shingo ikakaza.

"Inavuta, Dada."

"Inavuta sana?"

"Kidogo."

"Ah! Umeshakuwa mtu wa runinga, kichwa kimegeuka yai. Mbona zamani hukuwa hivi? Vumilia, kesho mji mzima unakuangalia."

Kipara pale na fagio lake akasikia yote. Na tuwe wakweli, hata Mashine hapo alifanya yaleyale. Mtoto kamwambia inavuta, yeye akaona maringo. Hakuona kichwa, akaona kazi mpya. Akavuta na iliyobaki.

Kesho yake saluni ilijaa. Madamu mwenyewe alivuta kiti. Sauti ikaongezwa. Mdogo wake Mashine akatokea, blauzi ya bluu, mistari kichwani imenyooka, na nyusi ziko juu. Juu kabisa. Ngozi ya uso yote ilikuwa imevutwa nyuma, macho yametoka, midomo imetanuka pembeni bila yeye kutaka. Akasoma habari ya soko lililoungua. Mdomo unasema watu wamepoteza mali zao, uso unasema hongereni. Akasoma habari ya ajali, uso unasema siamini, ni mimi nimeshinda?

Kwanza walibana. Halafu mmoja akapasuka, saluni nzima ikafuata. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mashine alikuwa kasimama nyuma ya kiti, chanuo mkononi, hakucheka na hakulia. Alikuwa anaangalia lile paji la uso. Kulikuwa na vijipele vidogo vinang'aa, vimejipanga kufuata mstari wa nywele.

Mke wa fundi bomba akafuta machozi ya kicheko. "Jamani, kasukwa na nani huyo?"

Kicheko kikakatika. Watu wakageuka mmoja mmoja.

Hakuna aliyesema neno wivu siku ile mbele yake. Lilisemwa akienda chooni. Kipara ndo aliyeleta kuni: mtoto alilalamika, mi nilikuwepo, akaambiwa umeshakuwa mtu wa runinga. Kwa maneno hayo hayo. Basi. Ikawa imekamilika. Dada kamlea mtoto, mtoto kampita, dada kabaki na chanuo. Hata anayeuza vocha nje aliielewa.

Vile vipele vikatunga usaha. Uso ukavimba mpaka jicho moja likawa dogo, na wakubwa wa kule wakamwambia binti akae nyumbani mpaka apone, wakamweka mwingine kwenye kiti chake. Yule mwingine hakutoka tena.

Binti alikuja saluni kufumuliwa. Mchana, watu wapo. Mashine alipomwona alichukua chanuo la mkia na kusogeza kiti.

"Kipara atanifumua," mdogo wake akasema. Akakaa kwenye kiti cha Kipara, akampa dada yake kisogo. Wakawa wanaonana kwenye kioo.

"Pole," Mashine akasema.

"Nilikuambia inavuta."

"Ulisema kidogo."

"Nilisema kidogo kwa sababu ni wewe! Ingekuwa mtu mwingine ningepiga kelele. Ni wewe, Dada, nikasema atakuwa anajua anachofanya."

Kipara alikuwa anafumua taratibu, masikio yamesimama. Draya ilikuwa imezimwa. Mke wa fundi bomba alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Niambie ukweli tu," binti akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndo ubaya wake. "Mi sitakasirika. Kuna kitu una nacho moyoni juu yangu?"

Hapo palikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye vidole vyake. Angesema tu: mikono yangu imekufa, sikusikia. Lakini Madamu yuko palepale pembeni, anapaka kucha rangi. Akisema, kiti kimekwenda. Asiposema, mdogo wake amekwenda. Na Mashine, mtu ambaye alikuwa na maelezo ya kila mtu wa mtaa, alisimama pale anatafuta.

Na kitu kimoja cha kusikitisha ni hiki. Aliutafuta huo wivu. Kweli kabisa. Aliingia moyoni mwake kuupekua kama mtu anavyopekua mkoba akitafuta funguo, maana watu wengi wakikuambia kitu unaanza kudhani wao wanaona kisogo chako na wewe huoni. Labda upo. Labda niliuficha mwenyewe. Alipekua, hakukuta wivu. Hakukuta na upendo pia, wala huruma, wala hasira. Palikuwa kama vidole vyake. Anaona mambo yanatembea ila hayasikii.

"Sijui," akasema.

Sijui. Basi hilo ndo lililommaliza. Mke wa fundi bomba akasema "Mh," moja tu, na ile "mh" ilifika mwisho wa mtaa kabla ya chai kupoa. Binti akamwambia Kipara aendelee. Alifumuliwa mpaka msuko wa mwisho, akajifunga kitambaa, akaondoka na kusahau mwavuli wake.

Wateja wakaanza kukwepa. Mtu anaingia, kiti cha Mashine kiko wazi, anasema nitamsubiri Kipara. Mkono wa kijicho unakausha nywele, walisema, na wanawake wenye akili timamu, wengine wenye vyeti vya vyuo, wakashika kingo za vichwa vyao na kukubali kwamba kweli, tangu anisuke hazikui. Madamu akamwita pembeni.

"Pumzika kidogo, mama. Utatusaidia taulo."

Akawa mfua taulo. Alizifua, akazianika kwenye kamba ya nyuma, akazikunja. Kwenye taulo hakuna anayelalamika. Asubuhi anakuja, jioni anakwenda. Akiulizwa kitu anajibu kile kile kilichoulizwa, haongezi. Akifika nyumbani, anakaa kitandani na viatu, anasahau kuvivua. Hakuwa na uchungu. Watu walidhani ana uchungu. Alikuwa tu kama redio iliyotolewa betri.

Alikwenda zahanati baada ya kumwagikiwa na chai mapajani, kikombe kimemtoka mkononi na yeye hajui kimetoka. Mganga wa pale, kijana tu, akamwambia afumbe macho. Akamchoma choma vidoleni kwa pini. "Hapa?" Kimya. "Hapa?" Kimya. "Na hapa?" Akafumbua macho, akaona pini imesimama kwenye ngozi.

"Unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa nasuka."

"Muda mrefu?"

"Tangu nimekuwa mtu mzima."

Kijana akamgeuza mkono, akamwonesha kifundo. Mshipa unaopeleka hisia vidoleni umebanwa hapa, akasema, kwa kukunja mkono kila siku. Ungekuja mapema. Sasa itabidi upasuliwe kidogo, na usisuke, na siwezi kukuahidi kwamba hisia itarudi yote. Akamfunga vifaa vigumu vya kushikilia mikono, Mashine akaondoka navyo kama mtu aliyefungwa mbao.

Akawarudia saluni. Kiti kilishakwenda, hakuwa na cha kuficha. Akasimama katikati, akawaambia: mikono yangu imekufa ganzi, tangu zamani, sikuwa nasikia ninavyovuta. Mganga kasema ni mshipa.

Sasa hapo mtu unategemea nini? Unategemea hata mmoja aseme lo, kumbe. Hata kwa uongo.

"Unaona?" mke wa fundi bomba akamwambia Kipara, kama vile Mashine hayupo. "Kijicho kinaanzia moyoni, kinashuka mpaka mikononi. Ndo malipo hayo."

"Lakini mganga kasema ni kusuka," Mashine akasema.

"Mbona Kipara anasuka na hajafa mikono?"

Wakakubaliana. Vichwa vyote vikaenda juu na chini. Hata ugonjwa wake ukageuka shahidi wa upande wao.

Kipara alimfuata nje kwenye kamba ya taulo. "Mi niliona," akasema kwa sauti ya chini. "Ile siku ya maji ya moto. Mkono ulikaa mle."

"Uliona?"

"Niliona, mwenzangu."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani una dawa."

Mashine akamwangalia. Akataka kucheka, kicheko hakikuja. "Nenda ukamwambie mdogo wangu hivyo. Mwambie ulichoona."

Kipara akaangalia mlango wa saluni, akaangalia taulo. "Si unajua wataniona na mimi nimo," akasema. Akaingia ndani. Hakuna mtu mbaya hapo. Alikuwa anaogopa kuelezwa.

Basi Mashine akaenda mwenyewe. Mdogo wake alikuwa amehamia chumba kingine, karibu na kule kazini, ambako walishamrudisha kusoma habari za alfajiri, zile zinazosomewa watu waliolala. Alikuwa amekata nywele. Mbele, kwenye paji, palikuwa na sehemu mbili ambazo nywele hazijaota, zinang'aa. Akampokea dada yake vizuri. Akampa kiti, akampa soda, akamfungulia kwa sababu ya ile mikono.

"Ni nini hivyo?"

"Mikono ilikufa ganzi. Ilikuwa imeanza kabla sijakusuka. Sikuwa nasikia, mdogo wangu. Nilikuvuta sikusikia. Niliogopa kusema mbele ya Madamu."

Binti akasogeza kiti chake. Akamshika mkono juu ya kile kifaa kigumu, na Mashine aliona ameshikwa.

"Sawa, Dada."

"Ni kweli. Hata mganga ukimuuliza."

"Sina haja ya kumuuliza mganga. Hata kama ni hivyo, hata kama sivyo, mi yameisha. Nilishakusamehe zamani."

"Sikuja kusamehewa. Nilikuja kukuambia."

"Na mimi nakuambia yameisha. Wewe ndo umenilea. Mtu anaweza kupitiwa, moyo una mambo yake. Nakusamehe kabisa, Dada. Kunywa soda."

Mashine akanywa soda. Ilikuwa ya moto na haikuwa na ladha, au ilikuwa nayo. Akasema asante. Ukisamehewa kosa ulilofanya unatua mzigo. Ukisamehewa ambalo hukufanya unatwishwa, na unatakiwa ushukuru, na ukikataa unaonekana una kiburi, na hicho kiburi nacho kina maelezo yake yanakusubiri saluni. Alikaa mpaka soda ikaisha. Wakaongea habari za mvua. Akasindikizwa mpaka barabarani kama mgeni.

Siku hizi bado anakunja taulo. Tarehe ya kupasuliwa hajapewa. Alfajiri huwasha runinga ndogo chumbani kwake, anamwangalia mdogo wake, sauti ameizima. Uso umetulia sasa. Nyusi ziko mahali pake.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe unayesikitika hapo na kutingisha kichwa. Una mtu wako. Kuna mtu ulishamweleza kwa wenzio, ana maringo, ana roho mbaya, ana wivu, na jina lake limeshakujia kabla hujamaliza mstari huu. Acha kusoma. Mpigie. Usimwambie umemsamehe, hakuna aliyekuomba. Muulize alikuwa na nini siku ile, halafu ufunge mdomo wako mpaka amalize.